Zena na Shahidi Wake

Zena Kaimu alisoma mawasiliano na utengenezaji wa vipindi kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili aliishika kamera siku tisa. Nazijua kwa sababu tulipangwa wawili wawili, na mwenzake nilikuwa mimi, Aurelia. Anayeona kwamba siku tisa zinatosha kumfanya mtu awe mtengenezaji wa filamu aje Nachingwea tuzungumze, lakini aje ameshakula, maana nikianza habari za chuo kile simalizi upesi.

Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya ghala lililokuwa la korosho. Tulikuwa wanafunzi ishirini na wanne, kamera moja, na kompyuta tatu ambazo mbili zilikuwa za kutazamwa tu. Umeme ukija asubuhi, kabla ya saa ya chai umeshaondoka. Kwa hiyo Mwalimu Twaha, mtu mwema na mvumilivu kupita kiasi, alituchorea kompyuta ubaoni. Alichora kioo, akachora vitufe, akachora mshale. "Hapa unabonyeza, picha inakatika," anasema, huku akigonga ubao kwa chaki. Nasi tunaandika daftarini: hapa unabonyeza, picha inakatika. Mtihani wa muhula wa kwanza nilipata alama tisini, na nilikuwa sijagusa kitufe hata kimoja. Zile tisini ziliniudhi kuliko ambavyo ishirini ingeniudhi.

Zena hakuwa mtu wa kupiga kelele kama mimi. Hasira zake alizimeza, akazidi kuwa kimya na kuuma ncha ya mtandio wake. Alikuwa mtoto wa Chiola, wa familia ya Kimwera inayolima ufuta na mikorosho. Alipokuwa shule ya msingi, miaka ya tisini, sukari ya dukani ilifungwa kwa vipande vya magazeti, na yeye alikuwa akivikunjua na kuwasomea wadogo zake kwa sauti ya redio. Habari ikikatika pale karatasi ilipochanika, anaimalizia mwenyewe. Kidato cha nne hakufanya vizuri, akakaa nyumbani miaka mitatu akipalilia. Chuo kilipofunguliwa, mjomba wake, Mzee Ramadhani wa Nanganga, upande wa Ruangwa, ndiye aliyesema, "Huyu mtoto anatangaza tangu azaliwe. Mwacheni akasomee." Kwetu mjomba akisema, baba anaitikia.

Mwanzoni mwa mwaka 2007 tulisikia kwamba Ruangwa kunafunguliwa redio ndogo, na wenyewe wanatafuta mtu wa huku, anayejua Kimwera na Kiswahili, asimamie vipindi vya vijijini. Zena akaenda kuonana nao. Walimsikiliza, wakampenda, wakamwambia nafasi ni yake, mradi alete cheti kabla mwaka haujaisha. Walitaka cheti, si barua ya mwalimu wala maneno. Alirudi chuoni anacheka peke yake njiani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

Kati yake na cheti ilibaki filamu moja. Kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze ya kwake, dakika ishirini, kuhusu mtu wa kawaida, mwenzake akimsaidia tu. Iwe ya kweli tupu. Fomu ya mtihani iliandikwa hivyo hivyo: hakuna kilichoigizwa, hakuna mhusika aliyelipwa. Kamera unapewa siku nne na mikanda minne midogo, na mikanda yenyewe ilishatumika; ukizembea kurekodi, unakutana na harusi ya watu usiowajua. Mimi yangu niliifanya juu ya fundi baiskeli wa sokoni. Ikapita, wala haikuwa na ajabu yoyote.

Zamu ya Zena ilifika mwezi wa kumi, jua likiwa kali na barabara vumbi tupu. Tukaenda Nanganga kwa Bibi Samia, mama mzaa mama yake, mfinyanzi wa vyungu. Kwa siku tatu Zena alinifundisha mimi niliyepata tisini kwamba sikuwa najua kitu. Alilala chini kwenye tope akapiga picha ya mikono ya bibi ikichimba udongo. Alimwacha bibi anyamaze, hakumsumbua kwa maswali, mpaka bibi mwenyewe akaanza kuzungumza na chungu chake. Siku ya tatu walichoma vile vilivyokwisha kauka, na Zena akaupata mlio wa chungu kimoja kikipasuka ndani ya moto, na uso wa bibi ulipousikia. Nilimwambia, "Zena, hapo umeua." Akacheka, akaifunga mikanda mitatu kwenye kitambaa na kuitia mfukoni mwa begi.

Siku ya nne alfajiri tulisikia kilio. Mzee Shaibu, kaka mkubwa wa Bibi Samia, alikuwa amefariki. Alikuwa na miaka karibu tisini, amekula chumvi nyingi, na hakuumwa zaidi ya siku mbili. Hatukuweza kuondoka, na kamera hatukuweza kuiacha nyumbani, maana Mwalimu Twaha alituapisha tusiitoe machoni. Tukaenda nayo msibani. Zena akamwomba ruhusa mjomba wake apige picha kidogo. Mzee Ramadhani akasema, "Pigeni. Marehemu mwenyewe alipenda kuonekana." Basi mimi nikashika kamera yenye mkanda wa nne, Zena akawa na begi begani.

Hapo ndipo watani walipofika.

Kwa asiyejua mambo ya huku, nieleze kidogo. Ukoo wa kina Zena una watani wao, ukoo mmoja wa Kimakua uliohamia zamani kutoka Msumbiji. Wazee wanasema babu zao walizikana wakati wa njaa moja mbaya, pale ambapo hakuna mwingine aliyekuwa na nguvu ya kushika jembe. Tangu hapo, upande mmoja ukifiwa, upande wa pili ndio wanaochimba kaburi, na ndio wanaovuruga msiba. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake, wanamtukana, wanadai aliwala kuku wao. Chochote wanachokwapua mikononi mwako unakikomboa kwa kitu kidogo, na huku unacheka. Unaruhusiwa kuwarudishia matusi, tena makubwa makubwa. Kukasirika tu ndiko kusikoruhusiwa. Ukimkasirikia mtani msibani, umewaambia wote kwamba wale babu walizikana bure.

Kiongozi wao alikuwa Bibi Rosa, mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye miguu yenye nguvu na meno machache. Aliingia amevaa koti la Mzee Shaibu, anakohoa kikohozi chake hasa, na waombolezaji waliokuwa wakilia wakaanza kucheka na kamasi zao. Alipoiona kamera alinijia mpaka uso ukajaa kwenye kioo. "Umenipata?" akauliza. "Hukunipata vizuri. Ngoja nirudie." Akarudi mpaka mlangoni, akaingia tena, akakohoa tena. Mimi nilipiga yote mawili. Nani angejua?

Kisha akaliona begi. Alilichomoa begani kwa Zena kwa mkono mmoja, akakimbia nalo uwanjani akipiga vigelegele. Zena alicheka, nakumbuka vizuri kwamba mwanzoni alicheka. Bibi Rosa akakaa chini akafungua kitambaa, akakuta vile vidude vitatu vyeusi. Akakibonyeza kimoja kikafunguka, utepe ukachungulia. Akauvuta. Ukaja, ukaja, mwembamba unang'aa, na yeye akaona amepata shanga. Akajizungushia shingoni. Cha pili akajifunga kiunoni. Cha tatu akakivuta huku akicheza, watu wanapiga makofi, utepe unakatika vipande vipande miguuni mwake.

Mimi niliganda na kamera. Zena hakuganda. Alikwenda mbio akamsukuma Bibi Rosa kwa mikono miwili, yule mama akaanguka chali kwenye vumbi, na Zena akasimama juu yake akapiga kelele. Alimwita mchawi, alimwita mwizi, na mpaka hapo bado ingeweza kuchukuliwa ni utani. Halafu akasema, "Mjinga wewe! Usiyejua hata kusoma jina lako! Umeniharibia maisha!" Sauti yake ilipasuka kwenye neno la mwisho.

Watani wakaweka majembe chini. Bibi Rosa alibaki chini, utepe shingoni, anamtazama mtoto wa watu kama anayejaribu kuelewa amemkosea nini. Hakujua. Kwake yeye vilikuwa vidude. Na mimi, namshukuru Mungu au namlaumu, sijui, nilikuwa nimesahau kuizima kamera.

Mzee Ramadhani hakumgombeza mpwa wake mbele za watu. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, na mimi nikafuata.

"Mwanangu," akamwambia, "sisi leo hatuna wa kutuchimbia kaburi."

"Mjomba, amenivurugia kazi yote."

"Nimeona. Lakini marehemu analala pale, na majembe wameyaweka chini. Utafanyaje?"

Zena aliuma mtandio. Nilimwona anavyojilazimisha kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akaenda bandani kwa Bibi Samia, akakamata jogoo, akamleta mpaka mbele ya Bibi Rosa, akapiga magoti. Hivyo ndivyo desturi inavyotaka. Bibi Rosa akampokea yule jogoo, akamtazama jicho moja lililokuwa bovu, akasema, "Hata jogoo wenu kipofu!" Watu wakapumua. Akachukua unga akampaka Zena uso mzima, akamwinua, wakakumbatiana. Majembe yakainuliwa na Mzee Shaibu akazikwa kabla ya alasiri.

Jioni, tulipokuwa tunangoja gari, Zena alimwendea. Alimweleza taratibu, kwa maneno ya heshima, kwamba kamera inatakiwa kurudi kesho, kwamba ya vyungu imekufa, na kwamba kilichobaki ni mkanda wa msiba tu. Je, anakubali aonekane? Bibi Rosa akafikiri. "Nakubali," akasema. "Lakini usipakate pale uliponisukuma. Ukipakata, nakufuata Chiola na fimbo. Nataka waone nilivyokuhenyesha."

Hivyo Zena akatengeneza filamu juu ya Bibi Rosa. Aliikata kwenye ile kompyuta moja nzima, akiwahi kabla umeme haujaondoka, na hakupakata pale. Tuliitazama darasa zima, nayo ilikuwa na kila kitu, kicheko na kaburi na yeye mwenyewe akiwa mbaya, anapiga kelele, kisha amepiga magoti na unga usoni. Mwalimu Twaha alitoka nje akapenga kamasi. Niliamini cheti kimeshaandikwa jina.

Mtahini alikuja mwezi wa kumi na mbili kutoka Dar es Salaam, kijana wa suti, na gari la kumpeleka Masasi akishamaliza kwetu. Aliitazama filamu mara mbili. Alirudisha pale Bibi Rosa anaposema "ngoja nirudie", akairudisha tena. Akasema kwamba huyu mama anacheza mbele ya kamera, na kwamba yeye hawezi kuipitisha kuwa filamu ya kweli bila tamko la mhusika. Tukampa fomu yenye dole gumba la Bibi Rosa. Akauliza kama anajua kusoma. Tukasema hajui. "Basi tamko hili si lake," akasema. "Mleteni aseme kwa mdomo wake mbele ya jopo. Keshokutwa naondoka."

Zena akamwambia mtahini pale pale, "Mwalimu, yule ni mtani wangu. Hawezi kunitolea ushahidi." Mtahini akajibu kwamba utani anaujua, hata yeye ana watani wake, lakini mtu mzima akiulizwa jambo la maana anajibu la maana. Na mimi nikamuunga mkono mtahini! Mimi, mzaliwa wa huku huku, nikasema, "Zena, acha woga. Nitamfuata mwenyewe."

Nikaenda Nanganga kwa lori la korosho. Bibi Rosa nilimkuta anapepeta. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, na kwa kuwa mimi si mtani wake, tulizungumza kama watu. Nilimweleza habari za redio ya Ruangwa na za cheti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akasema, "Siku ile aliponiambia nimemharibia maisha, nilidhani ni maneno. Kumbe." Akaenda kuoga, akavaa gauni lake la kanisani. Njia nzima alikuwa mtulivu, mkono wake juu ya mkono wangu. "Nitawaambia ilikuwa kweli," akaniahidi. "Nitawaambia yule mtoto hana kosa." Mimi nikafurahi, nikajiona nina akili sana.

Tukaingia chumbani. Jopo watatu mezani, mtahini katikati, Mwalimu Twaha pembeni na fomu ya kuandika. Na Zena yuko pale, kwenye benchi la mbele, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumweka nje.

Bibi Rosa alipomwona Zena, uso wake ulibadilika. Nilikuwa nimemshika mkono, nilihisi mpaka vidole vikibadilika.

"Bibi," mtahini akaanza, "unaikumbuka siku ya msiba wa Mzee Shaibu?"

"Naikumbuka. Si ndiyo siku huyu aliyonichukua kwenda kucheza sinema?"

"Kucheza?"

"Ee. Alikuja kwangu analia. Bibi, akaniambia, sisi ukoo wetu wote hatuna akili, darasani nashika mkia, nisaidie nami nifaulu. Nikamwonea huruma."

Mtahini akamtazama Mwalimu Twaha, akamwonyesha aandike. "Ulilipwa chochote?"

"Jogoo," akasema Bibi Rosa. "Tena wa jicho moja."

"Na marehemu?"

"Marehemu gani? Yule mzee alikuwa amejilaza tu. Tulimwambia asikohoe."

Mwalimu Twaha alicheka bila kupenda, halafu akaona mtahini hacheki. Akasimama, akaeleza, akaomba. Alisema yule jogoo ni wa kuomba msamaha, alisema kaburi lipo Nanganga na wote wanaweza kwenda kuliona. Mtahini akatazama saa. Akainama mbele, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi, "Bibi, sasa weka utani pembeni. Sema kweli. Msichana huyu anakutegemea."

Bibi Rosa akamtazama Zena. Najua alichokuwa anakifikiria, kwa sababu mtu yeyote wa huku anakijua. Hawa walikuwa wamegombana. Mtani mliyegombana naye, mkishapatana, ukimwonyesha uso usiocheka mbele za watu unawaambia kwamba bado una kinyongo, kwamba unga uliompaka ulikuwa wa bure. Kwake yeye kumtania Zena mbele ya wakubwa wale ndiko kulikuwa kumpenda. Alitaka wote waone kwamba amesamehe.

"Kweli tupu," akasema. "Naapa kwa kaburi la babu yake huyu."

Hapo nilisimama nikapiga kelele, "Zena atoke nje! Mtoeni nje, muulizeni tena!" Nilikuwa nimechelewa kuwaza, na nilipowaza nilipiga kelele kama mwehu. Mtahini alisema mtahiniwa haruhusiwi kutoka, na mhusika akishaapa haulizwi tena. Akamgeukia Zena. "Una la kusema?"

Nilimtazama Zena. Mtandio ulikuwa mdomoni. Angeweza kulipuka. Ilikuwa haki yake kulipuka, mimi nisingemlaumu, na huenda mtahini angeona zile hasira akaelewa kwamba haziigizwi. Lakini Bibi Rosa alikuwa anamngoja, ametabasamu na meno yake machache, anangoja tu kuona kama mtoto wa watani zake amemsamehe naye pia.

Zena akautoa mtandio mdomoni. Akacheka.

"Mwongo mkubwa wewe," akamwambia. "Jogoo alikuwa na macho mawili, moja umelila njiani."

Bibi Rosa akapiga makofi kwa furaha. Mtahini akaandika mstari mmoja, akafunga kalamu.

Nje, Bibi Rosa alimshika Zena mabegani, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nimesema vizuri?" Nilifungua mdomo nimwambie alichokifanya, nimwambie chote, na Zena akanikanyaga mguu kwa nguvu mpaka nikanyamaza. "Umesema vibaya kama kawaida yako," akamjibu, "twende nikutafutie gari." Yule mama alirudi Nanganga na amani yake. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo, na sijawahi kumkasirikia mtu hivyo nikashindwa hata kujua nimkasirikie nani. Fomu? Mtahini? Mimi mwenyewe?

Zena hakupewa cheti. Alipewa barua ya kusema alihudhuria, na aruhusiwe kurudia filamu mwaka unaofuata. Redio ya Ruangwa ilichukua mtu kutoka mbali, asiyejua Kimwera, anayewasomea wakulima wetu habari za mvua kama anasoma hukumu. Mwaka uliofuata chuo hakikufunguliwa, ghala likarudishwa kuwa ghala, kwa hiyo hata pa kurudia hapakuwepo. Zena akarudi Chiola kwenye ufuta. Nilimwambia mara nyingi aende kwa Bibi Rosa akamweleze, angalau yule mama ajue. Alikuwa ananijibu neno lile lile: "Nikamwambie ili iweje?" Nami nilikuwa nakasirika upya kila mara, kwa niaba yake, kwa sababu yeye alikuwa hajipi nafasi.

Bibi Rosa alifariki mwaka 2009, masika. Zena alinipigia simu, tukaonana njia panda, tukaenda pamoja. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi ya kufundisha shule ya msingi, cheti changu cha filamu kimo ndani ya sanduku. Safari hii watani walikuwa kina Zena. Kaburi walichimba wao, wapwa wote wa Mzee Ramadhani, na Zena ndiye aliyevuruga msiba.

Alivaa gauni la kanisani la Bibi Rosa, akajipaka unga, akafunga tumbo kwa kamba. Alitembea kwa miguu ile mifupi yenye nguvu mpaka wajukuu wa marehemu wakaangukiana kwa kicheko. Aliwakwapulia sufuria, akamkimbiza katekista, akadai mahari. Alikuwa hodari. Nilikuwa sijui kwamba ni hodari hivyo.

Kisha akafika kwenye jeneza. Akaligonga kwa ngumi.

"Rosa! Amka, wakubwa wanakungoja! Fomu iko mezani!"

Watu wakacheka.

"Amka useme kweli! Sema hukulipwa! Sema hukuigiza! Sema yule mzee alikuwa amekufa kweli kweli, na mimi nilikusukuma kweli!"

Wakazidi kucheka. Hawakuwa wanajua anazungumzia nini, lakini ndivyo watani wanavyozungumza na maiti, wanamdai vitu asivyoweza tena kutoa.

"Nipe cheti changu, Rosa! Nipe cheti changu niende zangu!" Sasa alikuwa anagonga kwa mikono miwili, na sauti ilipasuka pale pale ilipopasuka siku ile uwanjani. Binti wa marehemu, akicheka huku anafuta macho, alimwekea mkononi kuku mmoja wa kukombolea jeneza. Zena akamshika yule kuku, akabaki amesimama, machozi yanachora mistari kwenye unga.

"Anajua kuigiza huyu," akasema mama mmoja kando yangu.

Nikamwambia hapana, haigizi. Hakunisikia, alikuwa anacheka.